Kiwanja Bila Karatasi Kimeshauzishwa



Siku ya posho moja, mwezi wa munane, tulifika ku kiwanja saa kumi ya jioni na mupira wetu. Tulikuta kamba. Kamba nyeupe ilivutwa toka ku goli moja mpaka ku barabara, na chini yake vijiti vilipigiliwa kwa mustari. Pembeni bwana mumoja alikuwa anaangalia ndani ya mutambo wa kupimia, na kijana mumoja alikuwa anamushikia mwamvuli. Tuliuliza: «Yaya, kuko nini hapa?» Hakuinua hata kichwa. «Batoto, musijisumbue bure. Hii pahali imeshauzishwa.»

Imeshauzishwa. Na nani? Kwa nani? Wiki nzima tulizunguka na maulizo hayo. Shefu wa kartie alisema aliona karatasi lakini hakuisoma. Ku ofisi moja walituambia kiwanja chetu hakimo ndani ya plani. Ku ofisi ingine walisema kimo, lakini kimeandikwa kama pahali tupu. Tulirudi mara tatu kuomba kuona hiyo plani kwa macho yetu. Mara ya tatu, mutu mwenye anashika ufunguo wa kabati alikuwa ku matanga.

Hatutataja kartie yetu, juu wewe mwenye unasoma una ya kwako. Ukiwa wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba ao wa Annexe, unajua kiwanja chenye ulichezea ukiwa mutoto na leo kuko ukuta, depo ao nyumba ya etaje. Unajua pia namna ilianza: kamba, vijiti, kamio moja ya muchanga, na asubuhi moja ukuta umeshafika ku kifua.

Sisi vijana wa harakati tumezoea kufika siku ya ukuta. Tunapiga picha, tunaandika kwa hasira, tunasimama mbele ya matofali. Ni vizuri. Lakini tunafika nyuma. Kiwanja hakikuuzishwa siku ya ukuta. Kiliuzishwa zamani, siku yenye muji ulikataa kukipatia karatasi. Nafasi ya watu wote yenye haina jina, haina mipaka, haina arete, iko inangojea tu mutu wa kuiuzisha. Hiyo ndiyo tunataka tuongee leo.

Kile wanaita pahali tupu

Tuanze na hilo neno, «pahali tupu». Tuangalie namna pahali tupu panatumika kwa siku moja.

Saa kumi na mbili asubuhi, dada zetu wanafanya mazoezi yao, juu kisha hapo wavulana hawawaachie nafasi (tutarudi ku hiyo haya yetu). Saa mbili, masomo ya jirani yanaleta watoto kwa michezo, juu yao hayana tena uwanja. Muchana, wazee wanakaa chini ya muembe na kucheza dame. Mama wa munkoyo anakaa pembeni na ndoo yake. Hiyo ndoo inalipa minerval ya watoto. Jioni mupira. Mutu akikufa, viti vya matanga vinapangwa hapo, juu malupango yetu ni madogo na watu ni wengi. Bila kiwanja, tunafunga barabara na kulilia wafu wetu kati ya motokari. Siku ya Mungu kuko watu wa maombi. Na mwezi wa 12, 2023, wakati wa kampeni, wakubwa walikuja na masono yao wakapanda juu ya meza, hapo hapo ku pahali tupu, kutuomba sauti. Siku ile hapakuwa patupu. Palijaa.

Na sisi, wengi wetu tuna diplome ya iniversite na hatuna kazi. Tulishaweka dosie kila pahali, na kila pahali walituambia tungojee. Kijana asiye na kazi anahitaji pahali pa kwenda jioni penye hapaombe makuta. Kiwanja ni ofisi yetu. Ndipo tunajua nani anagonjwa, nani alipata kazi ndogo ku Kolwezi, nani anaanza kupotea mu pombe na anahitaji kuvutwa mukono. Ukifunga kiwanja, hao vijana hawatayeyuka. Watakwenda ku nganda, ao watakaa ku pembe ya avenyu. Kisha watu hao hao watakuja kuuliza juu ya nini usalama unaharibika.

Kuko tena kitu chenye hakionekane. Udongo wa kiwanja unakunywa mvua. Ukiufunika na beto, maji ya mwezi wa kwanza hayaendi mbinguni. Yanatelemuka ku malupango ya chini. Wale wenye wanaishi karibu na mito yetu, Naviundu, Kampemba, Kafubu, wanajua. Kila mara tunajenga pahali maji yalikuwa yanapumzika, maji yanakuja kupumzika ndani ya nyumba.

Na watoto? Watoto hawaache kucheza. Wanahamia ku barabara, ile yenye kamio za mukuba zinapita kwenda Kasumbalesa.

Muji huu ulijua kupima nafasi

Watu wanatuambia: «Nafasi za wazi ni mambo ya Bulaya, hapa tuna shida zingine.» Hapana. Lubumbashi ni muji wenye ulizaliwa na plani. Ulianza 1910, na barabara zake zilichorwa na rula. Walijua kuacha nafasi. Lakini waliiacha kwa nani? Kati ya muji wa wazungu na cité ya weusi, Wabelgiji waliacha eneo pana bila nyumba, wakaliita zone neutre. Walisema ni juu ya malaria. Ilikuwa pia juu ya kutuweka mbali. Nafasi ya wazi ya kwanza ya muji huu ilikuwa ukuta usio na matofali.

Leo ule mupaka haupo tena ndani ya sheria, lakini ukitembea na miguu utauona bado. Ku muji wa kati utakuta jakaranda kando ya avenyu, golfu, bustani ya wanyama yenye kiingilio. Vuka kwenda ku ma-cité: nyumba na nyumba, na kila nafasi yenye ilibaki iko na mutu anayeipima. Tuko zaidi ya milioni 2 ndani ya muji huu. Wengi wetu tunaishi upande wenye hauna kivuli.

Na bado muji wote unajivunia vumbi letu! 2010, siku Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 mu Abu Dhabi, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika ku finali ya Kombe la Dunia la klabu, nani hakuimba? Mupira wa muji huu unazaliwa wapi? Unazaliwa ku viwanja vya cité, miguu wazi, na mupira wa makaratasi. Hamuwezi kuimba matunda na kuuzisha shamba.

Sheria inasema nini

Tulisoma. Tuna wakati wa kusoma, ndiyo faida moja ya kukosa kazi.

Sheria ya udongo, n° 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, kifungu 53, inasema udongo ni mali ya leta peke yake. Wengine wanaishia hapo: «Leta ndiyo mwenye mali, leta inaweza kuuzisha.» Waendelee kusoma. Kifungu 55 kinasema udongo wenye umewekwa kwa matumizi ao kwa kazi ya watu wote ni wa eneo la umma, na hauwezi kutolewa kwa mutu yeyote mpaka uondolewe kwanza ndani ya matumizi hayo kwa njia ya sheria. Wanaita hiyo desafektasio. Kwa hiyo, siku mutu anakuonyesha setifika juu ya kiwanja cha watu wote, ulizo la kwanza si «ulilipa ngapi?» Ulizo la kwanza ni: «Arete ya desafektasio iko wapi? Nani alitia sahihi? Tarehe gani?»

Lakini angalia mutego. Sheria inalinda udongo wenye *umewekwa* kwa matumizi ya watu wote. Kiwanja chetu, nani alikiweka? Baba zetu walikifyeka, yaya zetu walisimamisha magoli. Hakuna mukubwa aliyetia sahihi. Mbele ya tribinali, miaka makumi ya mupira inaweza kushindwa na karatasi moja ya juzi. Tena kuko haraka: miaka 2 ikipita tangu setifika itoke, kuishambulia kunakuwa kazi nguvu sana. Ndiyo maana wengine wanapata karatasi leo na wanangoja kwanza mbele ya kujenga. Wanangoja sisi tulale.

Kuko tena dekre ya urbanisme ya tarehe 20 mwezi wa 6, 1957. Iliandikwa mbele ya Uhuru, mbele wazazi wengi wetu hawajazaliwa. Hata hiyo ilisema muji uwe na plani ya jumla na plani za sehemu kwa sehemu. Tena sheria n° 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa 10, 2008 inaweka bustani na viwanja vya michezo ndani ya kazi za muji na za komine. Na Katiba, kifungu 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi yenye kumusaidia kukomaa, na tena ana *lazima* ya kuyatetea. Basi tukisimama mbele ya kamba, hatufanye fujo. Tunafanya lazima yetu.

«Lakini watu wanahitaji nyumba»

Hii ndiyo jibu yenye tunasikia zaidi, na hatutaikimbia, juu ni kweli. Wengi wetu tungali tunalala ku sebule ya wazazi. Tunajua bei ya kupanga na tunajua garanti.

Lakini tuulize: ku kiwanja chetu atajenga nani? Mama mwenye anapanga chumba kimoja na watoto watano? Bei yenye tulisikia ilikuwa ya dola, na hakuna mutu wa kartie yetu mwenye anaiweza. Kiwanja kimoja kinatoa malupango machache kwa watu wachache, na kinanyima maelfu. Kwa hesabu hiyo, shida ya nyumba inabaki, na shida ya pili inaongezeka.

Nyumba zitapatikana pahali muji unakua, na muji unakua ku Annexe. Twende tuangalie kule. Udongo unakatwa malupango kwa malupango, mustari juu ya mustari, bila kuacha pahali pa masomo, pa soko, pa lopitali, pa mupira. UN-Habitat inashauri muji uache asilimia 15 mpaka 20 ya udongo wake kwa nafasi za wazi za watu wote, mbali na barabara. Sisi hatuombe hata hiyo siku ya kwanza. Tunaomba isiwe sifuri. Kuacha nafasi mbele ya kuuzisha lupango la kwanza hakuna gharama kubwa. Kuirudisha kisha watu wameshajenga, unahitaji buldoza na machozi ya familia zenye zilinunua kwa roho safi.

Wengine wanasema: «Ile si bustani, ni vumbi na takataka.» Ndiyo, kuko takataka. Juu ya nini? Juu hakuna aliyepewa kazi ya kupasafisha. Tumeona ile njia mara nyingi: kwanza wanapaacha pachafuke, kisha wanasema pamekufa, kisha wanapauzisha ili «papate faida». Mugonjwa unamunyima dawa, kisha unarizi nguo zake.

Na sisi wenyewe

Hatuwezi kunyooshea wakubwa kidole na kuficha mikono yetu. Wakomisionere wenye wanatembeza wanunuzi ku viwanja ni vijana kama sisi. Wengine tulisoma nao ku banki moja. Kijana mumoja wa timu yetu alipata makuta juu ya kuonyesha mipaka. Alituambia mwenyewe, macho chini. Hatukumufukuza. Njaa haina diplome. Lakini tulimwambia: ile makuta imeshaisha, kiwanja kikienda hakirudi.

Tena, dada zetu wanacheza asubuhi na mapema tu, juu jioni tunakalia kiwanja kama chetu peke yetu. Tukisema «nafasi ya watu wote», basi watu wote ni pamoja na wao, na mutoto mwenye anatembea na kiti cha magurudumu, na muzee mwenye anataka kivuli tu. Kwa wiki mbili sasa, siku ya tatu na ya tano jioni ni za wadada. Kuko wenye wananungunika. Watazoea.

Nairobi walifanya

Wenye wanasema haiwezekani, wakumbuke Nairobi. 1989, chama chenye kilikuwa ku utawala kilitaka kujenga jumba la etaje 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote mu kati ya muji. Mwanamuke mumoja, Wangari Maathai, alianza kuandika mabarua. Walimucheka, walimutukana ndani ya Bunge. Aliendelea, watu wakamufuata, wenye makuta wa inje wakaogopa, na jumba halikujengwa. Kisha miaka kumi, mu 1999, alisimama tena juu ya pori la Karura. Walimupiga mpaka damu. Leo Karura ingali pori, na watu wa Nairobi wanatembea humo. Hakuanza na mawe. Alianza na barua.

Tunadai nini

Kwa meya, kwa maburgumesta wa komine 7, na kwa washauri wa komine wenye tulichagua mwezi wa 12, 2023, tunasema wazi:

1. Orodha. Kila komine iandike viwanja, bustani na nafasi zote za watu wote zenye zimebaki, na itundike orodha hiyo ku mulango wa ofisi, si ndani ya kabati.

2. Karatasi. Kila nafasi ya orodha hiyo ipewe arete yenye kuiweka kwa matumizi ya watu wote, na mipaka yake ipimwe na kuwekewa mawe. Vile wanapima kwa mwenye makuta, wapime kwa mutoto.

3. Kusimamisha. Mpaka orodha itoke, kusiwe setifika, kusiwe ruhusa ya kujenga juu ya nafasi yoyote yenye kartie inatumia. Zenye zilitoka ziangaliwe upya, na desafektasio ionyeshwe. Kama haiko, tribinali ifanye kazi yake.

4. Malupango mapya. Ku Annexe, kusiwe plani yenye itakubaliwa kama haina nafasi ya mupira, ya masomo na ya miti.

5. Utunzaji. Kila kiwanja kiwe na komite ya kartie, na wanawake na vijana ndani yake. Salongo tutafanya sisi. Komine ilete kamio ya kubeba takataka.

Haya si maombi ya kuchekesha watu. Kifungu 27 cha Katiba kinatupatia haki ya kuandikia mamlaka petisio, na mamlaka ina miezi 3 ya kujibu. Tumeanza ya kwetu ndani ya kaye ya masomo, ile ya kurasa mia moja. Kila mutu anaandika jina, avenyu na sahihi; wenye hawajui kuandika wanatia kidole. Mama wa munkoyo alikuwa wa kwanza. Tuko ku ukurasa wa kumi na moja. Siku tutapeleka, tutaomba akize ya resepsio na muhuri, tutahesabu miezi 3, na tutaandika hapa siku kwa siku.

Fanya hivyo mwenzetu, ku kartie yako, wiki hii. Usingoje kamba. Chukua kaye, zunguka kiwanja na miguu, pima, piga picha za watu wenye wanakitumia, andika majina ya wazee wenye wanakumbuka namna kilianza. Uliza ku komine kama kimo ndani ya plani, na omba jibu ku karatasi. Wakikujibu «pahali tupu», utakuwa na kurasa za kuwajibu.

Ile kamba nyeupe ingali pale. Hatukungoa vijiti, hatutaki watupatie sababu. Tunacheza kando yake, na mupira ukiivuka, mutoto anainama, anapita chini, anaurudisha. Kila jioni tunaangalia kama kamio ya muchanga imefika. Bado.

Kiwanja ni cha watu wote. Sasa kiandikwe.

Vijana wa kartie, Lubumbashi